Kaka, kwa nini hamkumpigia simu mdogo wetu?

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu kila nikianza unasema uko kikaoni, na kwenye kundi la ukoo baba mdogo ameshakataza tusiliguse tena suala la mdogo wetu kuacha chuo. Basi na wengine wasome. Wako wengi wanaotoka makwao alfajiri kwenda chuoni Mbeya na kurudi jioni, na wako walezi wa mwaka wa kwanza kama wewe.

Kwanza nikushukuru kwa msiba wa bibi. Gari ulikodi wewe, jeneza ulilisimamia wewe, na shangazi mpaka leo anakutaja kwa wema. Sijasahau pia aliyenifundisha hesabu za sehemu jikoni kwa bibi huku mbalaga, ndizi zetu za kupika, ikichemka. Wewe ulikuwa mwalimu kabla hujalipwa. Ndiyo maana maneno yako ya siku ile chini ya turubai yamenikaa kooni.

Tulikuwa tumetoka makaburini, wazee wameketi, chakula kinakaribia. Shangazi akauliza, kwa upole tu, imekuwaje binti ameacha chuo ambacho kaka yake ni mlezi humohumo. Ukajibu: "Ofisi yangu haifungwi. Aliyetaka kusoma angekuja. Chuo si chekechea, tukianza kuwapigia simu tutawadekeza." Wazee wakatikisa vichwa. Mdogo wetu mwenyewe alikuwa nyuma yako na jagi na beseni. Akaendelea kunawisha watu, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwako. Akakunawisha na wewe, akakuambia karibu.

Angekuja saa ngapi, Kaka? Isyonje anakotokea unaijua. Kosta za kutoka Tukuyu zikipita pale asubuhi zimeshajaa, mtu anasimama kwenye ukungu mpaka ipite yenye nafasi. Ashuke Uyole, apande daladala ya mjini, nayo isubiri abiria. Jioni hivyohivyo, nauli mara nne kwa siku. Kipindi kikiisha, wa hosteli ana muda wa kwenda maktaba au kuja kugonga kwako. Wa kutwa anakimbilia gari, maana kutoka barabarani hadi nyumbani kuna mwendo, na giza likiingia yeye ni msichana peke yake.

Matangazo mliyaweka WhatsApp. Yeye ana kitochi, simu isiyo na WhatsApp. Saa ya jaribio la kwanza ikabadilishwa usiku, wa hosteli wakaambizana vyumbani, yeye akafika wenzake wanatoka. Akaambiwa aandike barua. Kwa nani, hakuambiwa. Wiki iliyofuata alikosa siku mbili, iliyofuata hakwenda kabisa. Mwenzake ameniambia jina lake liliendelea kuitwa mpaka karibu na Krismasi, mwalimu anaandika hayupo, hayupo. Kwa hiyo chuo kilijua. Namba yake iko kwenye fomu ya kujiunga, na yangu mimi mlipa ada iko chini yake. Hakuna iliyopigwa.

Hilo la kudekeza limenifanya nisome. Vyuo vya jamii vya CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji la New York, wanafunzi wake wengi wanatoka majumbani kama mdogo wetu. Mwaka 2007 vilianzisha mpango unaoitwa ASAP. Mshauri anapewa wanafunzi wachache na ni lazima waonane mara kwa mara, asisubiri watoto wakwame. Mwanafunzi anapewa kadi ya usafiri na kusaidiwa vitabu. Watafiti wakachagua kwa bahati nasibu nani aingie na nani asiingie, wakawafuatilia miaka 3. Walioingia, asilimia 40 walihitimu. Wengine, asilimia 22. Hao ndio waliodekezwa, Kaka.

Na hapa kwetu, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilipoanza mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa mfano wa vyuo vya Sweden, vingi vilikuwa na mabweni. Bwenini mtu asipotokea kula, wenzake wanamuulizia usiku uleule. Wa kutwa asipotokea, watu wanadhani amechelewa gari.

Kwa hiyo nakuomba. Oktoba wakiingia wapya, wiki ya pili shika orodha ya wanaotoka majumbani uwapigie: unatoka wapi, unafika saa ngapi, tangazo linakufikiaje? Tuma meseji ya kawaida. Mtafutie kila mmoja mwenzake wa mwaka wa pili wa njia hiyohiyo. Akikosa siku tatu mfululizo, simu. Usingoje wiki ya mitihani.

Najua utauliza: na wewe dada mtu ulikuwa wapi? Nilikuwa Makambako, dukani, nikiitafuta hiyo ada. Nilikuwa nampigia, anasema masomo yanaenda. Mtoto aliyelelewa na bibi hawezi kumwambia anayemlipia kwamba ameshindwa, na wewe bibi alikulea, unajua. Chumba mjini nilikiulizia, kikanishinda. Ningefunga duka nije kukaa getini kwenu? Daftari la mahudhurio halikuwa kwangu. Wala usiseme nilimwachia bibi mzigo. Dawa za bibi nani alikuwa akizinunua?

Samahani. Hayo ya dawa si ya hapa.

Bado nakuheshimu, na ningependa arobaini tukae meza moja. Lakini kabla ya hapo mpigie. Usimshauri kitu, muulize tu kama anataka kurudi na ni karatasi gani anahitaji, umwelekeze mtu wa kumpelekea, kwa jina. Mchana anauza viazi barabarani na magari yana kelele, hasikii. Saa mbili usiku anapatikana. Ada ya kuanzia ninayo.

Mdogo wako, Makambako