Wahadhiri wa muda nao walipwe

Mhariri,

Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya ulimalizika Novemba 2025, serikali ilipokubali kulipa Sh7.9 bilioni za mkataba wa mishahara wa 2017-2021 kwa awamu mbili. Wenzetu walistahili fedha hizo tangu zamani. Sisi wahadhiri wa muda, tunaolipwa kwa kila somo tunalofundisha, hatumo katika hesabu hiyo.

Muhula uliopita nilisahihisha karatasi za mamia ya wanafunzi huku nikidai malipo ya mwaka uliotangulia. Ukiuliza, idara inakutuma ofisi ya fedha, nayo ofisi ya fedha inakurudisha idarani.

Naipenda kazi hii kwa dhati. Mwanafunzi akinifuata baada ya mhadhara na swali zito, uchovu wote huniisha. Ila mapenzi hayo hayalipi nauli ya matatu kutoka kampasi moja hadi nyingine.

Vyuo viandike tarehe ya malipo katika barua ya ajira ya kila muhula, na viiheshimu. Mwalimu anayejua atalipwa lini hupata utulivu wa kuandaa somo upya, badala ya kurudia mihadhara ya miaka iliyopita.

Mhadhiri wa muda,
Nakuru