Barua ya wazi kwa familia zenye zizi, banda na bustani: Sikukuu ipangwe siku ya kupandisha

Wanangu,

Salamu nyingi kwenu na kwa watoto. Nawaandikia nikiwa nimeudhika, na heri niseme mapema. Kila mwaka naona yaleyale: siku ya sikukuu mama yuko zizini tangu alfajiri, akitoka zizini jikoni, akitoka jikoni zizini tena. Baba anafukuzana na kuku wa kuchinja wageni wameshaketi. Watoto wamevaa nguo mpya, wanatumwa maji ya ng'ombe. Jioni nyumba nzima imenuna, kisha mnasema mifugo na raha havikai pamoja. Vinakaa. Kinachowashinda ni kalenda.

Sikukuu ya mfugaji hupatikana au hupotea siku anapompandisha ng'ombe. Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi, na hukaushwa, yaani huachwa kukamuliwa, siku 60 kabla ya kuzaa ili kiwele kipumzike. Pigeni hesabu. Akipandishwa tarehe 17 Machi, atazaa Krismasi yenyewe, nanyi mtaipokea sikukuu kwa tochi na ndoo ya maji moto. Akipandishwa tarehe 24 Aprili, atazaa mwanzoni mwa Februari na kukaushwa mwanzoni mwa Desemba. Krismasi nzima ni kumlisha, kumnywesha na kumtazama, basi. Tofauti ya tarehe hizo mbili haifiki hata mizunguko miwili ya joto, kwa kuwa joto, yaani siku ng'ombe anapotaka dume, hurudi kila baada ya siku 21 hivi. Mtaniambia kungoja kuna hasara. Ipo, na anayeishi kwa kuuza maziwa apime mwenyewe. Lakini ninyi mnaofuga kwa ajili ya meza ya nyumbani, mnakimbilia nini? Mnapandisha siku ile mmesikia ng'ombe analia, hakuna aliyefungua kalenda, halafu Desemba mnamlaumu mnyama!

Na mkishamkausha, mmemkausha. Siku chache kabla punguzeni chakula cha nguvu, kisha acheni kukamua moja kwa moja. Daktari wa mifugo awaelekeze kuhusu dawa ya kuweka kwenye chuchu. Kinachoharibu ni yule anayeenda kukamua "kidogo tu, ya chai". Kila mkikamua, kiwele kinaambiwa kiendelee kutengeneza, na tundu la chuchu linafunguka kwa vijidudu. Ugonjwa wa kiwele haungoji wageni waondoke.

Mbuzi hubeba siku 150: mtengeni beberu kuanzia tarehe 20 Julai hadi 10 Agosti, asije akazaa mbuzi wiki za Krismasi. Nguruwe hubeba siku 114, sungura 31; nao wahesabieni vivyo hivyo. Mayai ya kuku siku 21, basi msimwekee kuku mayai ya kuatamia wiki ya kwanza ya Desemba. Ninyi wa Idd, sikukuu yenu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo msinakili tarehe za mwaka jana.

Kama ng'ombe bado anakamuliwa, msimrukie zamu hata moja. Saa zake ni zake. Sogezeni chakula chenu, yeye mwacheni. Mkilazimika kubadili saa, anzeni wiki moja kabla, dakika kumi na tano kila siku. Msimpeleke na kundi la wageni wanaopiga kelele na kupiga picha, kwa maana akishtuka huyazuia maziwa, na yanayobaki kiweleni ndiyo huanzisha matatizo. Akimaliza kukamuliwa mpeni majani, asimame nusu saa hadi tundu za chuchu zifunge. Akilala mara moja kwenye uchafu, mmemkaribishia maradhi.

Wageni waambiwe mlangoni: hakuna kumpa mbuzi wala ng'ombe makombo ya nafaka. Tumbo lisilozoea wanga mwingi huchacha, huwa na asidi, na mnyama anaweza kufa. Mtoto anayetaka kulisha apewe majani.

Kuku wa mezani achinjwe jana yake. Mnyimeni chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya kumchinja, maji aendelee kunywa. Maji ya kumnyonyolea yawe ya nyuzi 60 hadi 65. Yakichemka, ngozi huiva na kuchanika, na manyoya ya mkia bado hayatoki. Akishasafishwa akae kwenye jokofu hadi ukakamavu umtoke. Mnaochinja asubuhi na kupika saa mbili baadaye mnatafuna mpira, halafu mnasema kuku alikuwa mzee.

Bustani: mwagilieni maji mengi siku mbili kabla, funikeni udongo kwa nyasi kavu unene wa vidole vinne, chumeni vilivyokomaa. Inatosha.

Sasa hili linaniuma zaidi. Jamii yetu inaupima upendo wa mama kwa jinsi alivyochoka. Sufuria saba, zizi juu yake, na wanaume wazima wamekaa wanauliza chai iko wapi. Hiyo si heshima ya nyumba. Andikeni zamu kwenye karatasi, mbandike mlango wa banda: jina, saa, kazi. Kila mtu mzima zamu moja siku ile. Ya jioni, ile watu wameshiba na hawataki kuinuka, iwe ya baba. Vyakula vipunguzeni viwe vitatu. Watoto wafanye mzunguko wa asubuhi pamoja nanyi, wakusanye mayai wakiwa na nguo za kazi, wakaoge, ndipo wavae za sikukuu. Baada ya hapo asiwatume mtu.

Na kijana anayewasaidia zizini naye ana mama yake anayemngoja. Mpeni ruhusa aende. Atakayeshika nafasi yake aanze kukamua siku tatu kabla, asubuhi na jioni, kijana akiwa pembeni, ili ng'ombe aujue mkono mpya kabla mkono wa zamani haujaondoka.

Mzee wenu