Kunyanyua gari dogo: sentimita 4 zinatosha, vipande vya bomba viachwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari madogo ya fowili (yanayovutwa na magurudumu yote manne) na mafundi wanaoyahudumia. Masika yanapokaribia, mwenye Jimny, Escudo, RAV4 au Cami anayeishi Goba, Madale, Chanika au Kigamboni ya ndani hukumbuka njia ya kwake inavyokuwa mwezi wa nne, akapeleka gari gereji na ombi moja: "Fundi, ninyanyulie." Ombi hilo lina haki yake. Njia iliyochimbwa mfereji na maji hukwangua tumbo la gari, hupasua sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kung'oa bampa. Kinachoniuma ni namna ombi linavyojibiwa. Kipande cha bomba kinakatwa kwa grainda na kupachikwa juu ya springi, au mpira wa tairi kuukuu unakandamizwa katikati ya pingili zake, bolti zinakazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, na jioni gari linarudi nyumbani likiwa juu sentimita 7. Haipiti miezi mingi usukani unatikisika, tairi zimeliwa upande mmoja, na mpira wa draivu shafti umepasuka.

Kabla ya kununua chochote, pima. Wengi wanaodhani gari lao ni fupi, gari lao limelala tu. Springi iliyotumika miaka 10 Japani, kisha ikabeba familia na magunia hapa Dar kwa miaka mingine 10, imechoka. Egesha gari kwenye sakafu ya usawa, likiwa tupu, upepo wa tairi ukiwa sawa, kisha shika futi kamba upime kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Pima kona zote nne na uandike. Usipimie kutoka sakafuni, maana tairi yenye upepo mdogo itakudanganya. Ukikuta kulia na kushoto kunatofautiana kwa zaidi ya sentimita 1, springi ya upande mmoja imekufa, na mara nyingi ni upande wa dereva. Springi mpya za kawaida na shokapu nzima zinaweza kurudisha hata sentimita 2 peke yake. Kwa wengi kazi ingeishia hapo, na fedha nyingine ingebaki mfukoni.

Anayehitaji zaidi, sentimita 3 hadi 4 ndiyo mpaka wa gari la kwenda nalo kazini kila siku. Hadi hapo mipira ya breki, propela shafti na mikono ya usukani bado inafanya kazi karibu na pembe ilizotengenezewa. Ukivuka hapo, kila sentimita inadai kifaa kingine, na fundi asiyekutajia kifaa hicho anakuachia deni.

Lazima pia ujue unanunua nini. Jimny ina ekseli nzima mbele na nyuma. Ukiipandisha kwa springi, chasisi inapanda, sampo inapanda, bampa inapanda, ila difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli, inabaki palepale ilipokuwa, kwa sababu difu imekaa kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye tairi. Kinachonyanyua difu ni tairi peke yake. Tairi ya 205/70R15 ina kimo cha sentimita 66.8 hivi, na ya 215/75R15 sentimita 70.3, kwa hiyo difu inapata nusu ya tofauti, yaani sentimita 1.75. Jiwe la katikati ya njia halijali springi zako zina urefu gani.

Kwa Jimny, kazi kamili inataka springi 4 za kupandisha sentimita 4, shokapu 4 zilizotengenezwa kwa kimo hicho, na bushi (mipira ya maungio) za kurekebisha kasta kwa mbele; kasta nitaieleza mbele. Ukinunua springi, uliza ni za uzito gani. Zipo za gari la kawaida na zipo za gari lililofungwa bampa la chuma na winchi. Ukifunga hizo za pili kwenye gari tupu, badala ya sentimita 4 utapata 6, na gari litaruka kama mpira kwenye rasta. Shokapu za zamani zisibaki na springi ndefu. Springi imesukuma gari juu sentimita 4, kwa hiyo shokapu fupi imebakiwa na sentimita 4 pungufu za kushuka. Kila gurudumu linapodondoka shimoni, shokapu inafika mwisho wake na kugonga ko! hadi sili inaanza kuvuja. Upande wa pili, pima shokapu mpya ikiwa imefungwa kabisa uilinganishe na ya zamani. Kama mpya ni ndefu hata ikiwa imefungwa, ongeza urefu wa bampastopa, ule mpira unaozuia ekseli isipande kupita kiasi, la sivyo itajigonga kwa ndani siku ya tuta kubwa.

Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja. Stendi ziwekwe chini ya chasisi, jeki nyingine chini ya ekseli. Toa bolti ya chini ya shokapu, toa linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari lisilalie upande kwenye kona), kisha shusha ekseli taratibu huku mtu mmoja akitazama mpira wa breki tu. Mpira ukianza kukaza, simama, ufungue kwenye kishikio chake. Ekseli isining'inizwe kwenye mpira wa breki hata kwa dakika moja. Springi mpya ikiingia, mkia wake wa chini ukae kwenye ngazi yake ndani ya kikombe kinachokaliwa na springi. Ukikaa nje ya ngazi, kona hiyo itakuwa juu kuliko wenzake, na siku ya kwanza ya tuta itazunguka na kulia.

Sasa nifike kwenye kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko mengine yote, na ambalo kuliepuka hakuna gharama yoyote. Bushi ya mkono wa ekseli ni mpira ulioshikana na chuma pande zote mbili: chuma cha nje kimebanwa kwenye mkono, kijibomba cha ndani kinabanwa na bolti. Ukiikaza bolti, kijibomba cha ndani hakizunguki tena, na mkono unapopanda na kushuka ni mpira unaojisokota na kurudi. Kwa hiyo mahali ulipokazia ndipo mpira unapopajua kuwa ni mahali pa kupumzika. Fundi akikaza bolti gari likiwa juu ya stendi na ekseli ikiwa inaning'inia, mpira unapumzika pale chini. Gari likishushwa, bushi zote zinajisokota na kukaa zimesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Utaona ufa mdogo pembeni mwa mpira, kisha ufa unazunguka, kisha kijibomba kinaanza kucheza. Dawa yake: vaa bolti zote, nati zishike kidogo tu, funga magurudumu, shusha gari chini, likandamize mara kadhaa kwa mikono, ndipo uingie chini ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Hii ni kwa bushi za mikono, za fimbo ya pembeni inayoshika ekseli, na za mwisho wa shokapu. Ni kazi ya dakika 20. Simama hapo uangalie inafanyika.

Kasta nayo isipuuzwe. Ni ule mlalo wa nguzo ya kugeukia gurudumu kuelekea nyuma, unaofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Kwa gari lenye mikono kama ya Jimny, ukinyanyua chasisi, mkono unaizungusha ekseli na mlalo unapungua. Mkono ukiwa na urefu wa sentimita 60, kila sentimita unayopandisha inazungusha ekseli karibu digrii 1. Ndiyo maana gari lililonyanyuliwa bila bushi za kasta, zile zenye tundu lililochongwa pembeni badala ya katikati, linahamahama barabarani na usukani haurudi. Kisha kwenye kilomita 70 au 80 kwa saa, kwenye Barabara ya Morogoro, gurudumu linapiga kiraka na usukani mzima unaanza kutikisika hadi upunguze mwendo. Mara nyingi mtikisiko huo ulikuwemo tangu mwanzo, umejificha kwenye beringi za nguzo ya kugeukia au bushi ya fimbo ya pembeni. Kunyanyua kumeufichua tu. Kagua vitu hivyo kabla ya kufunga springi. Kufunga dampa ya usukani ili kuzima mtikisiko ni kuficha ugonjwa.

Usukani pia utakaa upande, kwa sababu fimbo ya usukani imebadilika pembe. Unarekebishwa kwa kuizungusha fimbo hiyo kwenye nyuzi zake. Fundi anayechomoa usukani na kuurudisha umenyooka amekuharibia, maana boksi ya usukani sasa haiko katikati, na kona ya upande mmoja itakuwa fupi kuliko ya pili.

RAV4, Forester na Escudo za kuanzia 2005 ni habari nyingine, kwa sababu kila gurudumu liko huru na difu imefungwa juu. Hapa difu inapanda pamoja na gari, ambayo ni faida, ila draivu shafti zinalipia. Pembe yake inaongezeka, mikunjo ya mpira inasuguana, grisi inatoka, vumbi linaingia. Spesa ya alumini, yaani kipande cha kuongeza kimo, inayokaa juu ya maunti ya shokapu inaacha shokapu ifanye kazi katika sehemu yake ileile, lakini gurudumu linaweza kudondoka chini zaidi ya zamani, na hapo ndipo draivu shafti inapofika pembe mbaya kabisa. Kwa hiyo spesa isizidi sentimita 2.5 hadi 3. Gari likiwa juu, magurudumu yakining'inia, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Ukisikia linakwama au kugonga, umepitiliza. Kwenye magari haya alaimenti ni lazima siku hiyohiyo, kamba (tairi inavyolalia ndani au nje) na tou (tairi zinavyoelekeana kwa mbele), kwa sababu zote mbili zimehama.

Na hapa namwomba kila fundi kwa dhati: shokapu ya mbele ya magari haya imezungukwa na springi iliyobanwa. Nati ya juu ya katikati haifunguliwi bila klempu mbili za springi zilizo imara, zilizokaa pande mbili zinazotazamana. Waya wa kufungia nondo si klempu. Springi hiyo ikifyatuka inaua.

Mambo mengine niyapitie haraka. Tairi ya 215/75R15 niliyoitaja, ikifungwa badala ya ile ya 205/70R15, inafanya mita ya mwendo isome pungufu kwa asilimia 5 hivi: ukiona 50, unakwenda 52 na nusu, na mbele kuna askari mwenye tochi. Ijaribu tairi hiyo kwa kuzungusha usukani hadi mwisho huku gurudumu moja limepanda tuta, uone kama inagusa madigadi. Injini ya 1.3 itaisikia tairi hiyo milimani. Gari lenye valvu ya breki inayosoma uzito wa nyuma litadhani halina mzigo, kwa hiyo kijiti cha valvu kirekebishwe, la sivyo breki za nyuma zitalegea. Taa za mbele zipimwe upya: pua ikipanda sentimita 2 kuliko nyuma kwenye Jimny, yenye mita 2.25 kati ya ekseli, mwanga wake ukifika mita 25 mbele umepanda sentimita 22, moja kwa moja machoni mwa mwenye bodaboda anayekuja. Mwenye bima kubwa aiarifu kampuni yake kwa maandishi.

Kitovu cha uzito wa gari nacho kimepanda juu. Chukua gari lenye mita 1.36 kati ya tairi za kushoto na kulia, na kitovu cha uzito kikiwa mita 0.65 kutoka chini. Sentimita 4 zinapunguza uthabiti wake kwenye kona kwa karibu asilimia 6, sentimita 7 kwa karibu asilimia 10. Ukiweka keria na mizigo juu yake, hesabu inazidi kuwa mbaya. Wa sentimita 4 apunguze mwendo kwenye kona. Wa sentimita 7, kwa gari la watoto wa shule, simshauri kabisa.

Wala usinyanyue gari kwa ajili ya Jangwani. Maji yanapopita juu ya barabara pale, sentimita 4 hazikuvushi. Bomba la hewa la injini limepanda sentimita hizohizo 4 tu, na maji yanayosukuma ubavu wa gari la tani moja hayapimwi kwa springi. Difu yenye joto ikitumbukia kwenye maji baridi inavuta maji ndani kupitia kipumulio chake. Kipumulio hicho kiongezewe mpira upandishwe hadi ndani ya boneti, na kama ulipita majini, fungua kizibo cha difu uangalie oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, imwagwe siku hiyo.

Baada ya kilomita 500, gari lirudi gereji. Nati za magurudumu zikazwe, bolti zote zilizofunguliwa zijaribiwe kwa spana, alaimenti ipimwe tena. Kisha chukua ile karatasi ya vipimo vya mwanzo na upime kona zote nne. Springi mpya hulala kidogo, kama nusu sentimita, na hilo halina neno. Kona moja ikiwa imeshuka kuliko zenzake, springi haijakaa kwenye ngazi yake. Usikubali kuwekewa kipande cha bomba kusawazisha. Ifunguliwe ikalishwe upya.

Wako,
Fundi wa miguu ya magari,
Tabata, Dar es Salaam