Barua ya Wazi kwa Waigizaji Vijana Wanaokataa Nafasi Ndogo

Wanangu,

Nasikia wapo kati yenu wanaorudisha skripti wakiona wamepangiwa uyaya, ulinzi au umama ntilie, eti wanangoja kuwa steringi. Inaniuma. Hebu nisikilizeni kwanza habari za Thelma Ritter, mwigizaji wa Marekani.

Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1902. Alisomea uigizaji, akaolewa, akaacha jukwaa ili alee watoto wake wawili, kisha akarudi kupitia michezo ya redio. Sinema alianza 1947, umri umeshapita miaka arobaini. Katika Miracle on 34th Street alikuwa mama aliyechoka kuzunguka madukani akimtafutia mwanawe zawadi ya Krismasi. Jina lake hata halikuandikwa. Lakini Darryl Zanuck, mkuu wa studio ya 20th Century-Fox, alimwona akampenda, na kazi zikafuatana. Lafudhi ya kwao hakuificha. Ndiyo iliyomfanya aaminike kila alipoingia kama mtumishi, mama mkwe au muuguzi. Nanyi wa Kigoma na Tanga, acheni kuionea haya ya kwenu.

Kazi yake ninayoitukuza kuliko zote ni Pickup on South Street, ya 1953. Humo yeye ni Moe, mwanamke mzee anayeuza tai mitaani, na chini kwa chini anawauzia polisi habari za wezi. Kila senti anaiweka akiba ya kaburi, maana anaogopa kuzikwa na manispaa pamoja na maiti zisizo na wenyewe. Usiku mmoja muuaji anaingia chumbani kwake akitaka kujua anakoishi kijana mmoja mchomozi. Moe, ambaye siku zote huuza siri kwa yeyote mwenye pesa, safari hii anakataa. Hapigi kelele wala halii kwa kujionyesha. Anaongea kama mtu ambaye miguu imemwisha nguvu, santuri ikiendelea kulia pembeni. Steringi hafi, mnasema. Moe anakufa filamu ikiwa bado inaendelea, na mimi kila nikiitazama, yeye ndiye ninayebaki kumwaza, si wale wapenzi wawili walio masteringi wa filamu hiyo.

Kwa filamu za kati ya 1950 na 1962 aliteuliwa mara 6 kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Hakuipata hata mara moja. Aliendelea kuigiza hadi karibu na kifo chake, mwaka 1969.

Nawaomba jambo moja. Itafuteni filamu hiyo, mwitazame pamoja. Kisha yule aliyepangiwa umama ntilie, kabla hajahesabu ana mistari mingapi, ajiulize: huyu mama anaweka akiba ya nini? Anamwogopa nani? Akishapata jibu, amwendee mwongozaji amwambie yuko tayari.

Mzee wenu anayewapenda.