Kwa mwanangu anayelalamikia tupa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema huu mwezi wa tatu umesimama kwenye jiliwa na tupa mkononi, unasawazisha kipande kimoja cha chuma, huku nyuma yako mashine ya kompyuta inajikatia yenyewe. Umekasirika. Mimi nilikasirika miezi mitano.

Chukua washa yoyote hapo karakana, kile kipete cha bati kinachokaa chini ya nati, uutazame ukuta wa tundu lake chini ya taa. Utaona ukanda unaong'aa, kisha ukanda uliochakaa kama jiwe lililovunjwa. Kazi yetu yote, ya kutengeneza vyuma vya kukatia bati kwenye presi, ile mashine ya kugandamiza, imeandikwa pale. Panchi, kile chuma cha juu kinachotoboa, ikishuka, inaingia kidogo kwenye bati, ndipo panapong'aa. Halafu bati linapasuka: ufa mmoja unatoka kwenye ncha ya panchi, mwingine kwenye ukingo wa kalibu, kile chuma cha chini chenye tundu la kuipokea panchi. Nyufa hizo zikutane au zipishane, inategemea nafasi uliyoacha kati ya panchi na kalibu. Kwa bati la kawaida ni kama asilimia 5 hadi 10 ya unene wake, kila upande. Bati la milimita 1 linataka milimita 0.05 hadi 0.1. Ukizidisha, bati linavutwa ndani ya upenyo na ukingo unaota miiba ya kuchana vidole. Ukibana mno, presi inahangaika na panchi inakwisha mapema. Na wengi hapa huchanganya: ukitaka tundu, kipimo chako kiwe kwenye panchi, ukitaka kile kipande kinachodondoka, kiwe kwenye kalibu.

Anayekata washa moja kwa msumeno akikosea, ameharibu washa moja. Wewe ukikosea, presi italirudia kosa lako mara laki bila kuchoka.

Langu nikusimulie. Kalibu ya kwanza niliyoachiwa peke yangu ilinichukua wiki tatu. Nikaitia moto hadi ikaiva, nikaizamisha kwenye mafuta, nikaijaribu kwa tupa. Tupa ikateleza kama iko juu ya kioo. Nilifurahi kijinga. Ilibaki kuipasha tena kwa joto dogo, kiasi cha nyuzi 200, ili isiwe dhaifu kama kigae, lakini jioni ilikuwa imeingia, nikasema kesho. Asubuhi nikakuta ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye pembe ya ndani niliyoiacha kali bila kuiviringisha. Chuma kilichotoka kuzimwa kimejaa mkazo, hakimngoji mtu alale. Fundi wangu hakunigombeza. Alinipa chuma kingine na tupa ileile, akaenda zake. Bora angefoka.

Mashine zitumie, sikukatazi. Ile inayokata kwa waya wa umeme na cheche hata mimi naipenda: waya haukigusi chuma, cheche ndizo zinazokila, tena chuma kilichokwisha kutiwa ugumu. Lakini mwisho wa yote kuna mtu anayepaka rangi ya buluu, anakutanisha vipande viwili, anatazama palipogusana, anapunguza hapo tu. Mkono usioijua mikroni 10, yaani elfu-kumi za milimita moja ikigawanywa elfu, utaondoa 50, na chuma ukishakiondoa hukirudishi. Huo mkono ndio unaotafutwa na hiyo tupa yako.

Ndani ya kifurushi hiki kuna maikromita yangu, chombo changu cha kupimia unene. Usiibane kama unafunga bolti. Zungusha kile kitasa kidogo cha nyuma hadi kilie, basi. Usiitembeze kwenye kiganja pia. Vipimo huhesabiwa kwa nyuzi 20, na chuma cha milimita 100 kikipanda nyuzi 10 hurefuka zaidi ya mikroni 11. Utajikuta unapima joto lako mwenyewe. Na ukiirudisha kwenye kisanduku, usiziache pande zake mbili za kupimia zikigusana. Ziachie upenyo kidogo.

Mama yako