Risala ya kikundi cha labo ya damu kwa mgeni wa heshima, Lubumbashi

Mheshimiwa mgeni wa heshima, wakuu wa fakilte, walimu, wazazi na ndugu wote: karibuni sana. Kwa kuwa saa zako ni chache, historia tutaipita mbio.

Kikundi kilianzishwa na wanafunzi wa tiba na mafundi wa labo waliotaka kuielewa limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, hasa ile ya Burkitt inayovimbisha taya za watoto. Leo tuna darubini, tunapaka rangi ya Giemsa bila kubahatisha, na sifa za mafunzo yetu ya Jumamosi zimefika hadi Likasi. Mafanikio ni mengi, tuyaache hapo.

Mheshimiwa, seli B, aina ya seli nyeupe za damu, inapojifunza ndani ya tezi ya limfu kutengeneza kingamwili bora, hutumia protini zisizotakiwa kukaa. Mojawapo, BCL6, huizuia isikomae mapema; nyingine, MYC, huisukuma igawanyike. Kazi ikiisha, vimeng'enya huzibandika mnyororo wa yubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76, kisha proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, huzikatakata. Anayeiwekea BCL6 alama hiyo ni protini nyingine, FBXO11. MYC huwekewa na FBXW7, baada ya fosfeti kukaa kwenye treonini, asidi amino ya 58 katika mnyororo wa MYC. Katika baadhi ya limfoma za seli B kubwa, FBXO11 imeharibika, basi BCL6 haivunjwi ipasavyo. Katika Burkitt, MYC tayari inatengenezwa kupita kiasi kwa sababu kromosomu zimebadilishana vipande, na mara nyingi treonini ile nayo imebadilika, basi kuvunjwa kunachelewa. Ndiyo maana kusoma jeni peke yake hakutoshi. Ni lazima kuipima protini yenyewe.

Na hapo ndipo tunapokwama: baridi.

Katika seli ya kawaida, nusu ya MYC huvunjwa kwa dakika 20 hadi 30 hivi. Kipande cha tezi kikisahaulika saa nzima mezani, kisha MYC ikaonekana kidogo, hakuna wa kutuambia kama ni ugonjwa ulivyo au ni meza. Jawabu linajulikana: kukata vipande vidogo, kugandisha upesi katika naitrojeni ya kimiminika, kuhifadhi kwenye nyuzi −80. Wakati wa kupasua seli, tunaongeza dawa za kuzuia vimeng'enya vinavyokata protini na vinavyoondoa fosfeti, pamoja na N-etilmaleimidi ili minyororo ya yubikwitini isibanduliwe. Dawa hizo hazirudishi kilichokwisha kuoza.

Mwaka juzi, kwenye kipaza sauti hiki hiki, mgeni mmoja mpendwa alituahidi friza ya −80. Tulipiga makofi sana. Ililetwa friza ya nyumbani ya −18, inayojiyeyusha barafu yenyewe, yaani inayopasha sampuli joto kila mara. Tunamshukuru kwa moyo wote. Kwa samaki wa Kasenga ni chombo kizuri. Mwaka uliofuata tuliahidiwa gurupu, yaani jenereta. Bado tunaingoja, na tunaamini iko njiani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu ni moja, ila lina sehemu zisizoachana: friza ya −80, stabilizatere ya kusawazisha umeme (kwani umeme ukirudi baada ya delestaji, yaani mgao, huja na nguvu inayoua kompresa), gurupu inayojiwasha yenyewe, na mafuta yake, kengele ya joto inayopiga simu usiku. Chumba chenye kupitisha hewa kipo, kimepimwa na kupakwa rangi. Friza bila gurupu tusiletewe. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kila kilichomo kinayeyuka kwa pamoja, na sampuli iliyoyeyuka ikagandishwa tena itatudanganya kwa utulivu kabisa.

Pesa taslimu hatuombi. Fatura ya muuzaji na barua ya ahadi yenye nafasi ya tarehe viko mbele yako, Mheshimiwa. Kalamu anayo katibu. Tunaomba isainiwe kabla ya chakula, kwani baada ya chakula wageni wetu huwa na haraka.

Ni sisi, wanakikundi.