Kwa Baba, Uyole: kuhusu wanyama wa Kambria

Toronto

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi. Natumaini Mama anaendelea vizuri na viazi vimevunwa salama.

Uliniuliza iweje wanyama wa baharini waonekane kwa ghafla katika matabaka ya mawe ya Kambria, kipindi kilichoanza takriban miaka milioni 539 iliyopita, na kama jambo hilo halimwangushi Darwin, aliyefundisha kwamba viumbe hubadilika polepole. Yeye mwenyewe alikiri ugumu huo mwaka 1859, kwa kuwa wakati ule chini ya matabaka ya Kambria hapakuwa na visukuku (mabaki ya kale yaliyohifadhika katika mawe) vya wanyama vilivyojulikana. Baadaye, katika vilima vya Ediacara huko Australia, na pia kusini mwa Namibia, zilipatikana alama za viumbe laini walioishi kabla ya Kambria. Isitoshe, ghafla ya wanajiolojia ni ndefu: tangu mashimo ya minyoo yanayoashiria mwanzo wa kipindi hicho hadi trilobiti wa kwanza, wanyama wa baharini wenye gamba la pingili, imepita miaka karibu milioni 18.

Hata hivyo sikubaliani na wanaodai kwamba ghafla hiyo yote ni matokeo ya magamba magumu kuhifadhika vizuri kuliko nyama laini. Katika makumbusho ya Royal Ontario hapa mjini yapo mawe ya Burgess, kutoka milima ya British Columbia, ambayo mwanajiolojia Charles Walcott aliyagundua mwaka 1909. Yana umri wa miaka kama milioni 508, na kwa kuwa tope laini liliwafukia viumbe upesi, hata macho na matumbo yao yanaonekana. Mmoja wao, Opabinia, ambaye hafikii urefu wa kidole, ana macho matano, na mbele ana kitu kama mkonga chenye koleo nchani. Mtaalamu wa visukuku Harry Whittington alipoonyesha mchoro wa mnyama huyo mwaka 1972, wataalamu waliangua kicheko. Wingi wa maumbo ya namna hii hauelezwi na magamba peke yake. Wengine hutaja ongezeko la oksijeni baharini. Mimi navutiwa zaidi na hoja ya uwindaji, kwamba wanyama walipoanza kulana, kila mmoja alilazimika kujihami au kukimbia.

Tafadhali mwambie mdogo wangu aache kupasua mawe ya mlimani akitafuta trilobiti. Miamba ya Ubende inayopita Mbeya ina umri wa karibu miaka bilioni 2, kabla kabisa ya wanyama. Kwenye bonde la Rukwa yamo mabaki ya dinosaria Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014, lakini huyo ni wa juzi tu, kama miaka milioni 100.

Wako mtiifu,
Mwanao